Simu ya Mdogo Mdogo ama ya Keshi? Uliza Kwanza Nani Anashika Ufunguo

Ukishuka mathree ya 46 pale Kawangware, ama ukatize Makina ukielekea Kambi Muru, lazima upite mwavuli wenye meza chini yake. Hapo kwa meza simu mpya zimepangwa, boksi na kila kitu, na kijana mwenye tisheti ya kampuni anakuita: "Boss, leta kitambulisho tu, utoke na simu saa hii." Anakwambia depo ni kitu kidogo, halafu kila siku unatoa pesa ya chai na chapo mbili. Mwaka ukiisha, simu ni yako.

Nawe unaangalia yako. Kioo kimepasuka, betri inazima ukiwa na asilimia 40, na kila ukifungua WhatsApp inasema nafasi imejaa. Mkono unaanza kuingia mfukoni kutafuta kitambulisho.

Ngoja kidogo. Sikuambii uchukue, sikuambii ukatae. Kuna watu hiyo simu ya kulipa pole pole imewaomoa, na kuna wengine imewaacha kwa mataa. Kabla utie sahihi, wacha tuelewane kuhusu kile unanunua hasa.

Majuu wanafunga laini, sisi tunafungiwa kioo

Wasee wa Marekani wana huu ubishi kitambo: ninunue simu iliyo huru, ama nichukue ile ya kampuni ya mtandao? Kule, AT&T, Verizon na T-Mobile wanakupatia iPhone ama Samsung ya juu kabisa, unailipa pamoja na bili ya mwezi kwa muda mrefu, miaka miwili hivi ama mitatu. Ili usihepe, simu inafungwa isikubali laini ya kampuni nyingine mpaka utimize masharti. Hiyo maneno ilileta kelele hadi Bunge lao likapitisha sheria, na Barack Obama akaitia sahihi Agosti 2014, ya kumruhusu mteja afungue simu yake na ahamie mtandao anaotaka.

Huku kwetu pia tumewahi kuonja hiyo kufuli. Wenye walikuwa wakubwa wakati wa Kabambe ya Safaricom wanakumbuka: ukiweka laini nyingine, simu inakataa, hadi utafute fundi wa kuifungua. Lakini hiyo kufuli haingedumu mtaani. Msee wa Kibera hana bili ya mwezi, ananunua kredo ya mbao. Ana laini ya Safaricom ju ya M-Pesa, na ya Airtel ju ya bando. Simu yake ina mahali pa laini mbili na zote zinafanya kazi. Halafu tangu Aprili 2011, unaeza hama mtandao na namba yako ile ile. Mtu kama huyo humshiki kwa laini.

Kwa hivyo kufuli ilihama. Ilitoka kwa laini ikaenda kwa kioo. Simu ya mdogo mdogo inaeza kubali laini zako, lakini siku hujalipa, inakuonyesha ujumbe mmoja tu: lipa. Hufungui picha, hufungui WhatsApp, hufungui chochote isipokuwa kile kampuni imekuachia. Ukilipa, inarudi kuwa simu.

Hii kitu ilitoka wapi?

Mwaka wa 2020, Safaricom wakishirikiana na Google walizindua Lipa Mdogo Mdogo: simu ya 4G kwa shilingi 20 kwa siku. Jina lilishika hadi sai mtaani kila simu ya mkopo inaitwa mdogo mdogo, hata kama ni ya kampuni tofauti.

M-KOPA nao walikuwa wanajua huo mchezo kitambo. Walianza kwa kuuza sola za nyumbani za kulipia kidogo kidogo na M-Pesa. Hujalipa, taa haziwaki. Wakauhamishia kwa simu. Watu, wenye walijulikana kwa mkopo wa pikipiki, pia wakaingia kwa simu. Halafu Oktoba 2023 kiwanda cha EADAK kikafunguliwa Athi River, kikianza kuunganisha Neon Smarta ya 7,499 na Neon Ultra ya 8,999. Shabaha ilikuwa kumtoa mwananchi kwa mulika mwizi.

Ukweli usemwe: benki gani ingekupea mkopo wa elfu kumi bila pesilipu, bila mdhamini, ukiishi keja ya mabati? Hakuna. Hawa wamekuamini kwa sababu moja tu. Simu yenyewe ndio mdhamini wako. Wanaeza izima wakiwa wamekaa ofisini.

Ndio maana usidanganywe na fundi anayesema ataifungua kwa soo tano. Kila simu ina namba yake ya IMEI, na kampuni imeiandikisha. Kufuta kila kitu na kuanza upya mara nyingi hakusaidii, ju simu ikiingia intaneti tu inauliza kwa mwenyewe: "Huyu amelipa?" Jibu likiwa hapana, inajifunga tena. Na wewe bado unadaiwa, na soo tano zimeenda.

Zidisha, usiangalie ya siku

Hapa ndipo wengi huumia. Bei ya siku ni ndogo makusudi. Ukiambiwa finje na chenji kidogo, akili inalinganisha na chapo. Hailinganishi na bei ya simu.

Wacha nikupe mfano. Hizi ni namba zangu za kuelewesha, sio za kampuni yoyote, kwa hivyo weka zile utakazopewa pale mezani. Tuseme simu dukani ni 12,000 keshi. Kwa mwavuli unaambiwa depo 3,000, halafu shilingi 55 kila siku kwa siku 365.

Hamsini na tano mara 365 ni 20,075. Ongeza depo, inakuwa 23,075. Simu ni ya 12,000. Hiyo 11,075 ya juu ni bei ya kupewa leo kile ungepata kesho.

Sasa geuza. Tuseme ile depo ya 3,000 unayo, na hiyo 55 unaeza kuitoa kila siku bila kukosa. Badala ya kuipeleka kwa kampuni, iweke kwa chama ama M-Shwari. Unahitaji 9,000 zingine. Hiyo ni siku 164, miezi mitano na nusu hivi. Siku ya 164 unaingia duka na keshi, unatoka na simu yenye hakuna mtu anaeza izima. Zile siku 201 zinazobaki kwa mwaka, hizo 55 ni zako: zinafika 11,055.

Simu kubwa, hesabu ni ile ile, kidonda tu ndicho kinapanuka. Ukitaka zile Samsung za S ama iPhone, tuseme ya laki moja, depo 30,000 na 350 kwa siku kwa mwaka, utalipa 157,750. Kuna mtu hiyo simu ya kamera kali inamlipia: anapiga picha za harusi, anauza nguo TikTok, anashuti video za wasanii wa mtaa. Huyo amenunua kifaa cha kazi. Lakini kama ni ya kuonyesha wasee kwa base, umenunua sifa kwa elfu hamsini na saba juu ya bei.

Bei yenye haiandikwi kwa karatasi

Kuna gharama ingine hakuna mtu atakutajia pale mwavuli. Ni gharama ya siku simu imefungwa.

Chukua deree wa boda anayepata wateja kwa simu. Jana kulinyesha kutwa nzima na hakupata kitu. Usiku hana ile 55. Asubuhi saa kumi na moja, mteja wake wa kila siku anampigia ampeleke kazi, na WhatsApp ya kumtumia mahali alipo haifunguki. Mteja anaita boda mwingine. Huyu deree amekosa soo tatu kwa sababu ya deni la 55. Jioni akipata pesa, analipa, simu inafunguka, lakini yule mteja ashazoea deree mpya.

Umeona venye inageuka? Simu inafungwa siku umesota, na siku umesota ndio siku unaihitaji zaidi kutafuta. Mtu wa mshahara hafahamu hii sana, ju pesa yake inakuja tarehe moja. Mtu wa mjengo, mama fua na muuza mboga wa Kawangware wanapata leo wanakosa kesho. Kwao kulipa kila siku kunaeza kuwa rahisi kuliko kulipa elfu mbili mwisho wa mwezi, ama kunaeza kuwa kamba. Inategemea masharti ya siku ukikosa. Kwa hivyo hilo ndilo swali la kwanza kuuliza, kabla ya kuuliza rangi.

La pili ni wizi. Simu ikichomolewa pale Toi ama ndani ya mathree, simu imeenda, lakini deni halijaenda. Uliza kama kuna bima, inalipa nini, na inataka karatasi gani kutoka kwa polisi. Ukiambiwa bima iko, iambie ikuonyeshe iko mstari upi.

Keshi pia ina mashimo yake

Usifikirie ukishika keshi umepona. Panda gari uende town, Luthuli ama Moi Avenue, utapata iPhone na Samsung za mtumba, zinaitwa ex-UK ama ex-US, bei tamu. Nyingi ni safi. Zingine zimekuja na shida za mwenye kwanza.

Ya kwanza ni ile kufuli ya laini ya majuu. iPhone ilitoka kwa mtandao wa Marekani, haikufunguliwa, ikaletwa Nairobi. Ukiweka laini yako, kimya. Kwa iPhone, ingia "Settings", kisha "General", kisha "About", utafute "Carrier Lock". Inafaa isome "No SIM restrictions". Ikisoma kitu kingine, rudisha mezani. Na angalia asikuwekee kile kijikadi chembamba cha kukaa chini ya laini ili ionekane imefunguka. Toa laini mwenyewe, uone iko peke yake.

Ya pili, iPhone za Marekani kuanzia iPhone 14 ya mwaka wa 2022 hazina tundu la laini kabisa. Zinataka eSIM. Safaricom na Airtel wanayo, kwa hivyo sio mwisho wa dunia, lakini ukizoea kuchomoa laini na kuiweka kwa simu ya jirani ukiishiwa chaji, sahau.

Ya tatu ni akaunti ya mwenye kwanza. iPhone yenye iCloud ya mtu mwingine ni kioo cha kujiangalia tu. Mwambie muuzaji aifute yote mbele yako, iwake upya, uiunganishe na intaneti, ufike hadi mwisho. Ikiitisha nenosiri la mtu humjui, ama ilete maneno "Remote Management", huyo mwenye ufunguo yuko mahali pengine.

Ya nne ndiyo inachoma watu wa mtaa wetu zaidi. Msee anachukua simu ya mdogo mdogo leo, analipa depo, kesho anakuuzia keshi kwa bei ya kutupa, "niko na shida kidogo, mathe ni mgonjwa." Simu ni mpya, boksi iko, hata risiti iko. Inafanya kazi siku mbili ama wiki, kwa sababu depo imelipia siku za kwanza. Halafu inajifunga. Aliyekuuzia hashiki simu tena. Kampuni haikujui, inamjua yeye. Kwa hivyo simu ya Android ukiinunua mkononi mwa mtu, ingia "Settings", tafuta "device admin", uone kama kuna programu ya kampuni ya mkopo inayoisimamia. Ukiikuta, msalimie muuzaji na uende.

Ya tano, piga *#06#. IMEI itakayotokea kwa kioo lazima ifanane na ile ya boksi na ya risiti. Usione ni mambo madogo. Mwisho wa Septemba 2012 serikali ilizima simu feki nchini, na zaidi ya milioni moja zikawa za kuchezea watoto usiku mmoja. Na kama simu ni ya wizi, shida sio kuizima tu. Kifungu cha 322 cha sheria ya makosa ya jinai kinasema ukipatikana na mali ya wizi, ukijua ama ukiwa na sababu ya kuamini ni ya wizi, unaeza kula hadi miaka 14. Bei ikiwa tamu kupita kiasi, karao atakwambia ulikuwa na sababu ya kuamini ni ya wizi.

Sheria inasema nini kuhusu mkopo?

Kenya iko na sheria ya kununua kwa awamu, Hire Purchase Act, ya mwaka wa 1968. Kuna kifungu kizuri ndani: mnunuzi akishalipa thuluthi mbili ya bei yote, mwenye mali hawezi tu kuja kuichukua, lazima apitie kortini. Wazee waliandika hivyo ju walijua mchezo: mtu analipia kabati karibu amalize, anakosa mwezi mmoja, mhindi wa duka anatuma lori.

Sasa fikiria hiyo sheria na simu yako. Hakuna lori. Hakuna mtu anabisha mlango. Unaeza kuwa umelipa siku 350 kati ya 365, ukakosa siku moja, simu ikazima ikiwa mikononi mwako. Hajaichukua, lakini hauna simu. Tena mikataba mingi imeandikwa kama mkopo, sio kununua kwa awamu, kwa hivyo usitembee ukidhani kile kifungu kinakukinga. Soma juu ya karatasi inaitwa nini.

Afadhali kuna kitu kimesonga. Desemba 2024 sheria za biashara zilibadilishwa, na kampuni za mkopo zisizochukua amana, pamoja na hizi za nunua sasa ulipe baadaye, zikawekwa chini ya Benki Kuu ya Kenya. Maana yake mkopeshaji anafaa awe na leseni, na wewe una mahali pa kulalamika. Na kama programu yao inataka kusoma majina yote kwa simu yako ili ipigie shangazi yako siku hujalipa, kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na ofisi ya kamishna wake. Hutakiwi kuaibishwa kwa deni.

Maswali saba ya kuuliza kwa mwavuli

Yaandike kwa mkono kama hauna simu ya kuyaandika:

1. Jumla nitalipa ngapi hadi mwisho, depo ndani? Andika hapa.
2. Hii simu dukani ni ngapi keshi?
3. Nikikosa siku, zinasongezwa mbele tu ama kuna faini?
4. Ikifungwa, naeza kupiga namba za dharura? M-Pesa je?
5. Ikiibiwa ama ikivunjika kioo, nani analipa?
6. Nikipata pesa nimalize mapema, napunguziwa?
7. Jina langu linaenda CRB nikichelewa siku ngapi?

Kijana wa tisheti akianza kucheka badala ya kujibu, umejibiwa.

Na siku utamaliza, usitupe stakabadhi. Itisha ujumbe ama barua inayosema deni ni sufuri, kisha hakikisha ile programu ya kufunga imetoka kwa simu. Ikibaki, bado hawajakupea ufunguo, hata kama simu ni yako.

Kwa hivyo, uchukue ipi?

Kama hiyo simu itakuingizia pesa kuanzia kesho asubuhi, pesa yenye utaihesabu, na inazidi ile ya siku, chukua mdogo mdogo. Hiyo ya juu utailipa kama kodi ya kazi. Dada wa kuuza viatu mtandaoni hana haja ya kungoja miezi mitano na nusu akikosa wateja.

Kama unataka tu kubadilisha, na ile ya zamani bado inashika M-Pesa, vumilia. Weka kioo kipya, badilisha betri kwa fundi, na ile pesa ya chapo mbili iweke pembeni kila siku. Shida ni nidhamu, najua. Wengi tunalipa kampuni kwa sababu kampuni ina njia ya kutulazimisha na sisi wenyewe hatuna. Basi tafuta wasee watano mnaoaminiana, mfanye chama cha simu, kila mwezi mmoja anunue. Hiyo haina riba, na hakuna mtu atakuzimia saa kumi na moja asubuhi mvua ikinyesha.

Na ukiamua kuchukua mkopo, chukua ukijua. Ule mwavuli utakuwa pale kesho, hauna haraka. Leo uliza zile namba, nenda nazo kejani, uzidishe mara 365.